Utando wa kuzuia mwako umechubuka kwenye kioo cha saa: niuondoe wote au niuache?

Mshale Mrefu

Wakuu, naomba mwongozo wenu. Nina saa ya mkononi yenye kioo cha yakuti, kile ambacho wauzaji hukiita safaya, na kwa miaka mingi nimekuwa nikitamba kwamba kioo cha namna hii hakichubuki. Sasa tambo zimenirudia. Tangu miezi michache iliyopita imeanza kuonekana mistari myembamba kama nywele, mingi ikiwa upande wa namba 3, na karibu na namba 12 pana alama pana kidogo, kana kwamba mtu amepafuta kwa kitambaa chenye mchanga. Nikiiweka saa chini ya taa, kioo kizima hutoa rangi ya zambarau inayoelekea buluu, lakini penye mistari ile rangi hukatika na mwanga hurudi mweupe kabisa.

Fundi wa kwanza niliyempelekea alisema kioo kimekwisha na kibadilishwe. Wa pili alikitazama kwa lenzi, akaniambia kwamba kioo chenyewe ni kizima na kilichochubuka ni utando wa kuzuia mwako, yaani mwanga unaorudi kutoka kwenye kioo, uliopakwa juu yake. Aliongeza kwamba utando huo unaweza kuondolewa wote, kioo kikabaki kitupu na safi, ila yeye haifanyi kazi hiyo kwa saa ya mteja, kwa kuwa utando ukishatoka haurudi.

Nitahakikishaje kwamba huyu wa pili ndiye mkweli? Na kama kweli ni utando, ni kitu gani kinachoutoa bila kukitia kioo ukungu? Nimesikia habari za dawa ya meno, za krimu ya almasi, hata za tindikali, na kila msemaji ana uhakika na chake. Vilevile ningependa kujua saa itaonekanaje baada ya hapo, nisije nikaondoa michubuko nikabaki na kioo kinachomulika kiasi kwamba siwezi kusoma saa juani.

Meza ya Fundi

Mkuu, fundi wako wa pili anajua anachokisema. Yakuti ya kwenye saa hutengenezwa kiwandani kwa oksidi ya alumini, na katika kipimo cha ugumu cha Mohs hupata 9, ikizidiwa na almasi tu yenye 10. Funguo, sarafu na vitasa vya milango viko chini yake kwa mbali. Utando uliopakwa juu yake ni jambo jingine kabisa. Ni tabaka la floridi ya magnesi, au tabaka kadhaa za oksidi zilizopandanishwa, zilizowekwa juu ya kioo ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, na kwa kawaida unene wake wote haufiki maikroni 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Kitu chembamba kiasi hicho hakirithi ugumu wa kile kinachokibeba. Mchanga wa kawaida ni kwatzi yenye ugumu wa 7, na vumbi la kila siku lina mchanga, kwa hiyo kuifuta saa kwa upindo wa shati kila mara kunatosha kukupa hiyo mistari unayoieleza.

Kabla hujashika chochote, fanya jaribio la njiti. Iweke saa chini ya taa moja, uiinamishe mpaka taswira ya taa ionekane kwenye kioo. Ukitulia utaona kwamba taswira ziko mbili, zimekaribiana, moja ikitoka kwenye uso wa nje wa kioo na nyingine kwenye uso wa ndani. Gusisha ncha ya njiti ya meno kwenye kioo. Taswira ya njiti inayokutana na ncha yake pasipo nafasi yoyote ni ya uso wa nje, na ile iliyo mbali kidogo na ncha ni ya uso wa ndani. Ukishazitofautisha, tazama rangi zake. Kama ya nje ni nyeupe na kali huku ya ndani ikiwa na zambarau hafifu, basi kioo chako kimepakwa upande wa ndani tu, na michubuko unayoiona iko kwenye yakuti yenyewe; hapo funga mjadala na utafute kioo kingine. Kama ya nje nayo ina zambarau, una utando wa nje.

Kisha pitisha ukucha juu ya mistari. Mchubuko wa utando hauhisiki kwa ukucha, kwa sababu kina chake ni kidogo mno. Ukucha ukikwama, hasa pale ambapo lenzi inaonyesha kingo zilizomeguka, yakuti imeumia, na kuondoa utando hakutalijaza shimo hilo.

Sasa kazi yenyewe. Mimi hutumia krimu ya almasi ya maikroni 1, kisha humalizia na ya nusu maikroni, yote kwa mkono. Wengi hushtuka wakisikia almasi, kwa kuwa ndiyo inayoweza kuikwaruza yakuti, na hofu yao ina msingi. Hata hivyo, chembe ndogo kiasi hicho, ikibebwa na kitu laini kama felti, yaani kitambaa cha sufi iliyoshindiliwa, au ngozi, hailimi mifereji. Inasugua juujuu, utando unaondoka na yakuti inabaki iking'aa. Usithubutu kuanza na chembe za maikroni 6 au zaidi kwa tamaa ya kumaliza haraka. Utando utatoka upesi kweli, na badala yake utaachiwa ukungu ambao kuung'arisha juu ya yakuti ni kazi ya siku nzima kama si mbili. Mwenye hofu anaweza kuanza na oksidi ya seri, unga unaotumiwa kung'arisha vioo, kwa maana huo hauwezi kuikwaruza yakuti hata ungetaka. Kasoro yake ni uvivu: utando mkongwe uliochoka huutoa, lakini baadhi ya saa za siku hizi zina tabaka la juu gumu, na utasugua mpaka mkono ufe ganzi bila kuona mabadiliko.

Kuhusu dawa ya meno, ni nzuri kwa vioo vya akriliki, yaani vya plastiki. Hapa itakupotezea muda tu.

Funika pete ya chuma inayozunguka kioo kwa tepu ya karatasi, tabaka mbili, ukiibana kwa ukucha mpaka kwenye ukingo kabisa wa kioo. Msidharau hatua hii, kwani almasi isiyoikwaruza yakuti itauchakaza mng'aro wa chuma cha pua kwa mizunguko michache. Funika pia kitufe cha kujazia na viungo vya mkanda, au uutoe mkanda kabisa. Chukua kijiti cha mbao laini, ugundishe kipande cha felti au cha ngozi kwenye ncha yake, upake krimu kiasi cha punje ya mtama, kisha usugue kwa miduara midogo inayopandana, ukilimaliza eneo moja kabla ya kwenda lingine. Nguvu unayohitaji ni ile ya kufuta maandishi ya penseli kwenye daftari, si zaidi. Kila aina ya krimu iwe na felti yake. Ukichanganya, chembe moja kubwa iliyojificha kwenye felti ya kumalizia itaichafua kazi yote.

Rangi ndiyo itakayokuongoza. Zambarau haipotei papo hapo. Kwanza hubadilika, ikawa ya njano au ya kahawia, kisha eneo lile linakuwa jeupe na kubaki jeupe hata ukiendelea kusugua. Kila baada ya dakika 5 futa krimu yote na utazame chini ya taa, kwa kuwa krimu yenyewe hukudanganya. Ukingoni ndipo pagumu, maana felti huteleza na tepu huzuia, na watu wengi huchoka hapo wakaacha mkufu wa zambarau kuzunguka kioo kizima. Chonga kijiti kingine chenye ncha bapa kama patasi kwa ajili ya pembezoni.

Ukimaliza, futa kwa pamba yenye spiriti, na mabaki yaliyoingia kati ya kioo na pete yatoe kwa njiti na mswaki laini. Usiiweke saa chini ya bomba isipokuwa una hakika na mipira yake ya kuzuia maji.

Nuru na Kivuli

Nitaongezea kuhusu swali la mwonekano, kwa sababu watu hulijibu kwa hisia ilhali lina hesabu yake.

Kiasi cha mwanga kinachorudi kutoka kwenye uso wa kitu kinachopitisha nuru hutegemea kipeo chake cha mpindo, yaani namba inayoonyesha kadiri kinavyoupinda mwanga unaoingia ndani yake. Cha kioo cha kawaida ni takriban 1.52, na kwa hiyo kila uso wake huakisi kiasi cha asilimia 4 ya mwanga unaokuja wima. Cha yakuti ni takriban 1.77, na kila uso wake huakisi karibu asilimia 7.7. Kwa kuwa kioo kina nyuso mbili, yakuti tupu hurudisha takriban asilimia 15 ya mwanga, wakati kioo cha kawaida hurudisha 8 na kitu. Ndiyo maana yakuti isiyopakwa humulika kuliko kioo cha bei ya chini, jambo ambalo wanunuzi wengi hawalitarajii.

Sasa, ndugu Mshale Mrefu, tazama saa yako. Ikiwa imepakwa pande zote mbili na wewe ukauondoa utando wa nje peke yake, uso wa nje utaanza kuakisi ile 7.7, na wa ndani utaendelea kuakisi kidogo sana kama zamani. Jumla yake inakaribia sana 8 na kitu ya kioo cha kawaida kisichopakwa chochote. Kwa maneno mengine, saa yako haitakuwa kioo cha kujitazamia. Itamulika kama saa nyingi ambazo watu huzivaa kila siku pasipo kulalamika. Utakachokipoteza ni ule ujanja wa macho wa kuona kana kwamba kioo hakipo na mishale iko wazi hewani, na kwa mtu aliyeinunua saa kwa ajili hiyo hasara hiyo si ndogo.

Kubadilika kwa rangi alikokutaja Meza ya Fundi nako kuna sababu. Utando hufanya kazi kwa kugonganisha mawimbi ya mwanga: sehemu inayorudi kutoka juu ya utando na ile inayorudi kutoka chini yake hupishana nusu ya wimbi, zikauana. Kwa tabaka moja la floridi ya magnesi, unene unaofaa ni robo ya urefu wa wimbi ndani ya tabaka hilo, yaani takriban nanomita 100 (nanomita ni sehemu ya elfu ya maikroni) kwa mwanga wa kijani ulio katikati ya upeo wa macho yetu. Kijani ikiuawa, nyekundu na buluu zilizo pembeni hubaki kidogo, na mchanganyiko wao ndio zambarau unayoiona. Unapousugua utando ukawa mwembamba, rangi inayouawa inahama, na inayobaki inahama pia. Hivyo felti yako inapokuonyesha njano, unatazama kwa macho matupu unene wa nanomita ukipungua, jambo ambalo mimi binafsi huona ni zuri kuliko hata kazi yenyewe. Mbinu hii ya kupaka katika ombwe ilipewa hataza mwaka 1935, kwa kazi ya Alexander Smakula katika kampuni ya Carl Zeiss, na ilianzia kwenye lenzi. Vioo vya saa viliifuata baadaye.

Mtu asiutafsiri uzuri huu kuwa ruhusa ya kuacha kazi katikati. Utando ulioondolewa nusu ni mbaya kuliko uliochubuka, kwa sababu jicho huvumilia mistari michache lakini halivumilii mabaka ya rangi.

Mkono Mwepesi

Wenzangu wamefafanua vizuri, ila wote wameichukulia yakuti kuwa ni yakuti kweli. Mimi nilianzia hapo hapo na nikaumia.

Saa yangu niliinunua ikiwa imetumika, na muuzaji alinihakikishia kwamba kioo chake ni cha yakuti. Ilikuwa na zambarau, ilikuwa na michubuko, nami nikaiamini zambarau kuwa cheti cha ubora. Sikuwa na subira ya kusugua kwa mkono, nikachukua mashine ndogo ya kuzungusha, ile ya kuchongea na kung'arishia, nikaifunga gurudumu la felti na krimu ya almasi ya maikroni 3. Katika dakika ya pili zambarau ilitoka kwa urahisi mno, na urahisi ule ndio uliopaswa kunistua. Niliendelea. Nilipofuta krimu, palikuwa na bonde dogo katikati ya kioo, laini kabisa na linalong'aa, halionekani ukiitazama saa wima. Lakini mshale wa sekunde ulipopita chini yake ulijikunja kama fimbo iliyotumbukizwa majini, kisha ukanyooka tena ulipotoka upande wa pili. Kila dakika moja saa ilinikumbusha kosa langu.

Kumbe kilikuwa kioo cha madini kilichoimarishwa, yaani kioo cha kawaida kilichotiwa ugumu, ambacho ugumu wake ni kama 6, na almasi kwenye mashine huking'ata kama jibini. Halikuishia hapo. Joto la msuguano lilikuwa limeulainisha mpira unaokishika kioo, na siku chache baadaye, nilipotoka kwenye joto na kuingia penye baridi, nikaona umande upande wa ndani.

Kwa hiyo nawasihi mpime kwanza. Yakuti hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko kioo cha kawaida, ndiyo maana ukiigusisha kwenye mdomo ukiwa chumbani inakuwa ya baridi mno na hukawia kupata joto, wakati kioo cha madini huzoea mara moja. Kipimo cha tone la maji, kile cha kutazama kama tone linasimama au linatambaa, kisitegemewe hapa, kwa sababu utando hubadilisha tabia ya maji juu yake. Aidha, soma maandishi ya nyuma ya saa na karatasi zake. Saa za Seiko, kwa mfano, zikiandikwa Hardlex maana yake ni kioo cha madini kilichoimarishwa, si yakuti. Na mashine iacheni. Mwenye uzoefu ataitumia kwa kasi ndogo na kwa sekunde chache chache, lakini mwenye uzoefu hana haja ya kuuliza hapa.

Saa ya Babu

Naona mnahangaika bure. Iko krimu ya kuchorea maua kwenye vioo vya madirisha, na nimeona watu wakiitumia kuondoa utando wa lenzi za miwani. Unapaka, unasubiri dakika kadhaa, unafuta kwa maji, kazi imekwisha. Yakuti haidhuriki na tindikali hiyo. Kuna ubaya gani?

Meza ya Fundi

Mzee wangu Saa ya Babu, kwa heshima zote, ubaya upo, na nitaueleza kwa kirefu ili asije mtu akajaribu.

Krimu hizo hufanya kazi kwa chumvi za floridi, ambazo zikilowa huzalisha tindikali ya haidrofloriki. Ni kweli kwamba yakuti huivumilia tindikali hiyo, na ni kweli kwamba oksidi ya silikoni iliyo kwenye utando haiivumilii. Tatizo ni vyote vilivyobaki. Tindikali hiyo hupenya ngozi bila kuunguza palepale, ikafika ndani na kushikana na kalsiamu ya mwili. Maumivu yanaweza kuja saa kadhaa baadaye, wakati madhara yamekwisha kuingia, na eneo dogo tu la ngozi likilowa tindikali kali mtu anaweza kupoteza maisha. Krimu ina nguvu ndogo kuliko tindikali yenyewe, lakini sioni sababu ya kuiweka karibu na kidole changu kwa ajili ya mistari ya nywele.

Hata tukiusahau mwili, saa yenyewe itaumia. Lenzi ya miwani hutolewa kwenye fremu ikabaki peke yake, wakati kioo cha saa kimekaa ndani ya chuma. Krimu itateremka kwenye upenyo wa ukingoni, ambako huwezi kuisuuza kwa uhakika. Saa ya titani italiwa waziwazi, kwa kuwa titani haina kinga mbele ya floridi. Kioo kikiwa si yakuti, kama kilivyokuwa cha Mkono Mwepesi, kitageuka cheupe kama barafu na hakutakuwa na cha kung'arisha.

Jambo jingine nililosahau kulitaja: saa zenye lenzi ndogo ya kukuzia tarehe iliyogundishwa juu ya kioo. Zunguka kingo zake kwa kijiti chembamba chenye ngozi, wala usiikandamize kwa pembeni, kwa kuwa inashikwa na gundi tu. Utando uliokaa kwenye kona kati ya lenzi hiyo na kioo kwa kawaida hautoki wote. Mimi humwambia mwenye saa mapema, akikataa kona zenye rangi namshauri abadilishe kioo kizima.

Na kwa kweli ushauri huo una nafasi yake hata kwa saa isiyo na lenzi. Kioo bapa cha mviringo hupimwa kipenyo na unene kwa kalipa, kikapatikana kingine kilichopakwa upande wa ndani tu, kikashindiliwa kwa mashine yake na mpira mpya, kisha saa ikapimwa shinikizo. Ni kazi ya muda mfupi kuliko kusugua. Mwenye saa ya kawaida huenda akaona ni heri hivyo. Mwenye saa ambayo kioo chake kina umbo la pekee, kimebinuka au kina kingo zilizochongwa, ndiye anayelazimika kuokota kijiti na felti.

Mshale Mrefu

Nimerudi kutoa ripoti, na samahani kwa ukimya.

Nilianza na jaribio la njiti, na nakiri kwamba mara ya kwanza sikuona taswira mbili, niliona moja yenye ukungu. Nilipozima taa zote za chumba nikabakiza moja ndogo, zikaachana. Zote mbili zilikuwa na zambarau, ya nje ikiwa imekatwakatwa na ile mistari. Mdomoni kioo kilikuwa cha baridi kama kijiko kilichotoka kwenye friji, na nyuma ya saa imeandikwa kwamba kioo ni cha yakuti. Nikaendelea.

Nilitumia krimu ya maikroni 1 na kipande cha ngozi ya mkanda wa zamani, upande wa manyoya, nikiwa nimekigundisha kwenye kizibo cha chupa, kwa sababu kijiti kilinichosha vidole. Kwa dakika 10 za kwanza hapakutokea kitu, nikaanza kuidhania krimu kuwa ni bandia. Kisha karibu na namba 3 zambarau ikapauka, ikaingia njano hafifu kama chai iliyomwagiwa maziwa mengi, na mara pakawa peupe. Baada ya hapo kazi ilikwenda, lakini kila eneo kwa wakati wake. Sehemu ya katikati ilichukua dakika 40, na ukingo peke yake ukachukua karibu saa nzima. Jumla nilisugua siku mbili, jioni moja na asubuhi yake, maana macho yakichoka huanza kuona weupe usiokuwepo.

Mistari yote ya nywele imeondoka nilipoondoa utando, hata mmoja haukubaki. Alama ya karibu na namba 12 imenishangaza. Sehemu yake kubwa ilikuwa utando, nayo imetoka, ila ndani yake kumebaki nukta moja nyeupe, ndogo kuliko kichwa cha pini, ambayo ukucha unaikwaa. Nadhani ilikuwepo siku zote, imejificha ndani ya mchubuko. Pia kumebaki uzi wa zambarau upande wa namba 7, chini kabisa ya ukingo wa pete, unaoonekana ukiinamisha saa sana.

Kuhusu mwako, hesabu ya Nuru na Kivuli imesimama. Juani naisoma saa bila shida, ila ndani ya nyumba naliona dirisha kwenye kioo mahali ambapo zamani sikuliona. Siku mbili za mwanzo lilinikera, na sasa silitazami. Swali langu la mwisho ni hiyo nukta: je, nikiendelea kusugua hapo itaisha?

Meza ya Fundi

Hongera, mkuu. Hiyo nukta usiiguse. Ni kishimo cha kugongwa, si mkwaruzo, na ili kukifuta itabidi yakuti yote inayokizunguka ishushwe mpaka usawa wa chini ya shimo, kazi ambayo kwa krimu ya maikroni 1 haitakwisha, na kwa krimu kubwa zaidi itakuletea bonde kama la Mkono Mwepesi. Itazame kwa lenzi mara moja moja uone kama pana ufa unaotoka humo kwenda pembeni. Ukiuona ufa, kioo kibadilishwe kabla hakijapasuka kikamwaga vipande juu ya mishale. Usipouona, vaa saa yako.

Uzi wa namba 7 utautoa kwa njiti ya meno iliyotafunwa ncha ikawa kama brashi, na krimu kidogo ya nusu maikroni. Badilisha tepu kwanza, kwa sababu ile ya zamani imejaa almasi.